Mtambo Wako Uko Salama

Nyumbani kwa Mzee Nyakundi,
Ekerenyo,
Nyamira.

Tarehe 13 Novemba, 2025.

Mpendwa ndugu yangu Ishmael,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Hujambo huko Kanada? Purity naye hajambo? Baridi imeanza kuuma? Natumaini mnavaa vizito, na kifua chako nacho kimepoa, maana nimekuwa nikikusikia ukikohoa. Sisi huku tunaendelea. Mvua inatunyeshea kila alasiri, chai imechipuka kwa fujo mpaka vidole vinatuwasha kwa kuchuma, na goti langu la kushoto bado linanisumbua ninapopanda mlima. Ondieki mdogo wetu yuko. Mkewe Lorna amepata kazi ya kushona sare za shule pale sokoni.

Kabla sijaenda mbali, nikutulize moyo. Mtambo wako uko salama. Najua hilo ndilo jicho lako lingelitafuta kwanza, kwa hiyo nimekuwekea hapa juu usije ukapata taabu. Mlingoti umesimama. Ile antena yako yenye vijiti kama mifupa ya samaki inazunguka ukiiamuru. Betri zinajaa, ruta inawaka taa zake zote za kijani. Juzi radi ilipasua mkaratusi wa Mzee Ratemo katikati, lakini nilikuwa nimeshachomoa nyaya zako. Haya, umefurahi?

Sasa nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ulinipiga marufuku. Ulisema nikutumie ujumbe wa mambo ya mtambo tu, mengine yanakuvuruga akili. Haya ninayoandika ni yale mengine. Ni habari za Baba, na jinsi alivyokaa akimngoja mwanawe wa kwanza amsalimie. Tafadhali usiruke mstari hata mmoja, Ishmael, kama unavyoruka simu zangu.

Unakumbuka ulivyokuja kumzika Mama? Ulishuka na masanduku matatu mazito, nasi wajinga tukadhani ni zawadi. Loo! Wazee wako kwenye hema wanakunywa chai ya matanga, wewe uko juu ya mlingoti na spana mdomoni. Ukatueleza kwamba huko Kanada mwenye nyumba hataki kuona antena juu ya paa lake, na kwamba wale wenzako wanaozungumza hewani dunia nzima wanaitafuta Kenya kama dhahabu, kwa kuwa wanaopatikana huku ni wachache. Basi redio ikae hapa kwenye nyumba yako, wewe ukae kule, na intaneti iwe mikono yako na mdomo wako. Unabonyeza kule, antena inazunguka huku. Unaongea kule, sauti inaingia huku na kurushwa angani mpaka Japani. Nilikusifu kwa watu. Nilijiambia, mtu anayeweza hayo hawezi kushindwa kumpigia baba yake simu.

Nyumba yenyewe unajua uliijenga kwa kuogopa maneno ya watu, maana mwanamume wa Kisii aliyeoa halafu hana nyumba kwao ni aibu. Wewe na Purity hamjawahi kulala humo. Ukaniachia mimi, dada yako mkubwa, niliyerudi kwa Baba baada ya mume wangu kufa, eti kwa kuwa sina kazi nyingi. Nifute vumbi kwenye vioo vya sola. Niizime ruta na kuiwasha ikikwama. Nikisikia ngurumo niache kikapu cha majani chai hapo hapo shambani, nikimbie kama mwizi kwenda kuchomoa nyaya. Na dirisha niliache wazi mchana, kwa sababu kile kisanduku kikubwa kinapata joto.

Halafu hiyo spika. Ulitaka sauti yako isikike mle chumbani kila unapoongea, ili nikipita nijue kwamba mambo yanakwenda sawa. Spika hiyo pamoja na dirisha wazi ndivyo vilivyotumaliza.

Baba alikuwa na kigoda chake, unakijua, na tangu Mama atutoke alizoea kukihamisha akifuata jua. Siku moja jua likampeleka mpaka kwenye ukuta wa nyumba yako. Akaketi. Akakusikia. Unamwambia mtu wa Italia kwamba wewe uko Ekerenyo, Nyamira, Kenya, na hali ya hewa ni nzuri, mawingu machache. Na kweli mawingu yalikuwa machache! Uliyasoma kwenye simu yako, sijui, lakini ulipatia.

Baba aliniita kutoka jikoni. Akaniuliza Ishmael amerudi lini na kwa nini hakuja kumwamkia.

Nikamweleza polepole. Nikamwambia ni redio, sauti inatoka Kanada. Akasema redio anazijua, amesikiliza redio tangu hujazaliwa, na wanaosema kwenye redio husema walipo. Huyu amesema yuko Ekerenyo. Usimfanye Baba mzee aliyechanganyikiwa, Ishmael, akili yake ilikuwa nzima kabisa. Miaka yote alikuwa karani wa kupima majani chai, Kiingereza anakijua, na kwake neno la mtu lilikuwa kama jiwe la mizani. Aliniambia kwamba wewe una makosa yako mengi lakini yeye hakukulea uwe mwongo, na kama hapa kuna mwongo basi ni mimi. Iliniuma sana. Mimi ninayemchemshia uji, ninayemkanda miguu, ndiye mwongo, na wewe unayewadanganya Waitaliano ndiye mkweli.

Ungekuwa hujaoa, mambo yangekwisha siku ileile. Angesukuma mlango, angeona meza na nyaya, angecheka. Lakini chinsoni, ile miiko ya kuoneana haya kati ya mzazi na mwana, ni chinsoni, au Kanada imekusahaulisha? Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, awe na kiu, awe ananyeshewa. Mzee Nyakundi alikuwa Msabato wa kuoshwa akaoshwa tena, lakini hilo hakulichezea. Nilimsihi. Nilimwambia nyumba hiyo haina hata kitanda, ni stoo ya nyaya tu. Alinitazama kama mtu niliyemvua nguo mbele za watu. Ondieki akaingia, akakagua mpaka darini, akatoka akaapa hakuna mtu. Baba akasema sawa, mmepatana.

Nikaenda kwa Mzee Ratemo, jirani, ambaye kila mtu hapa humuuliza mambo ya mila. Nikamuuliza kama kuna njia ya kumwingiza Baba mara moja tu aone kwa macho yake. Akasema hakuna, na akanigombeza: aibu iko kwa mtoto, kwa hiyo mtoto ndiye atoke nje. Ratemo mwenyewe alikuwa amekusikia kutoka barabarani. Nilipoanza habari za intaneti alinyanyua mkono ninyamaze.

Baba akaanza kukuwekea chakula. Ndiyo, ndugu yangu, chakula. Alinikatia mkungu wa ndizi mwenyewe, akanituma nichume mboga za chinsaga kwa kuwa ulizipenda, akaiweka sahani kwenye kizingiti chako na kuifunika na sahani nyingine. Asubuhi ilikuwa tupu, sahani ya juu imesukumwa kando, kwa sababu paka wa Ondieki si mjinga. Kumbe Baba alifurahi! Alisema hata kama umefanya jambo baya huko ng'ambo ukafukuzwa, hata kama unaona haya, bora unakula. Nilicheka peke yangu jikoni, nikacheka, halafu nikajikuta nalia.

Haya yote nilikueleza kwenye simu. Hapo hukunikatia, ulisikiliza mpaka mwisho, na ukacheka sana. Nikakuomba uizime ile spika, au umpigie Baba umwonyeshe hiyo theluji. Ukasema spika isiguswe. Na mimi, kwa kiherehere changu, nikaenda nikazungusha kitufe nilichodhani ni cha sauti. Nilichozungusha sikijui mpaka leo, lakini ulinipigia dakika hiyo hiyo. Siku hiyo ulijua namba yangu! Uliniita mshamba. Ukaniambia mikono yangu ni ya kushika jembe, si vitu vya watu. Nikakurudishia kitufe chako kama ulivyoniagiza.

Basi Sabato moja watu wameenda kanisani, mimi nimebaki kwa sababu ya goti, nikaingia kupanguza meza yako. Nikakusikia unaongea na rafiki yako Mjerumani. Unamsimulia kuhusu mzee wako huko Afrika anayedhani umejificha ndani ya nyumba, anayekuletea ndizi mlangoni. Mjerumani alicheka mpaka akakosa pumzi. Nawe ukaona utamu umekolea, ukamwigiza Baba. Ukaiga anavyovuta maneno na anavyokohoa katikati. Nilisimama pale na kitambaa mkononi, Ishmael, na uliiga vizuri, kama vile umekaa naye jana. Nashukuru Baba alikuwa kanisani. Ondieki nilimweleza, na kuanzia siku hiyo Ondieki hakutaka hata kusikia jina lako.

Mwishowe ukampigia. Siwezi kusema hukupiga. Nilimpa Baba simu akiwa pale pale kwenye kigoda chake, picha ikawa inakatika, ikabaki sauti. Ukamwambia, "Baba, mimi niko Kanada." Sasa wewe fundi wa mitambo, msomi wa vyombo, ulikuwa umekiacha wazi kipaza sauti chako cha hewani hapo mezani. Baba akasikia "Baba, mimi niko Kanada" kwenye simu. Kisha akaisikia tena, nene na safi, ikitoka dirishani mwako nyuma ya kichwa chake.

Hakukasirika. Alinirudishia simu taratibu, wewe bado unaita haloo haloo kwa sauti mbili. Akaniambia nikuambie huna haja ya kupiga simu kutoka chumbani, utamaliza pesa bure.

Baada ya hapo nilikuomba uje. Sikukuomba kitu kingine. Nilikuambia panda ndege, simama uwanjani, mwamkie mzee, akuwekee mkono kichwani, kisha urudi kwa Wajerumani wako. Ukasema kuna mashindano makubwa ya hewani mwezi wa kumi, umeyangoja mwaka mzima, mashindano ya nani ataongea na watu wengi zaidi duniani. Baada ya mashindano utaangalia tiketi. Sawa. Nikamwambia Baba unakuja. Akauliza, kutoka wapi?

Mwezi wa kumi kifua kikamshika. Tulimpeleka hospitali, wakamlaza, wakamrudisha na dawa, akawa mtu wa kitandani. Alikuwa mwepesi, namnyanyua mwenyewe. Siku moja mchana akaniomba nimpeleke kwenye ukuta wako. Nikamwambia nje kuna baridi. Akasema baridi haijawahi kumpiga kama mimi ninavyompigia kelele. Nikamvalisha koti lake la kazini, tukatembea, tukapumzika, tukatembea.

Akasimama chini ya dirisha, ameshika fimbo kwa mikono miwili. Akakuita kwa lugha ya nyumbani, kwa upole, sijawahi kumsikia akimbembeleza mtu vile. Akasema ni yeye baba yako. Akasema hatakuuliza umefanya nini huko wala umekuja lini. Utoke tu umsalimie, akubariki, akapumzike.

Ndani humo wewe ulikuwa unamtafuta mtu hewani ambaye hapatikani vizuri. Ukasema kwa Kiingereza, sikusikii, rudia tafadhali.

Ningejua ningeziba masikio yake. Baba uso wote uling'aa, Ishmael! Ulikuwa umemjibu. Baada ya miezi yote hiyo, umemjibu. Akafikiri labda Ekegusii kimekupotea, akakusanya pumzi yote iliyokuwa imebaki kifuani, akarudia kwa Kiingereza chake cha ukarani kwamba ni yeye, baba yako, amekuja kukuaga.

 Kisha ukasema, "Sisikii kitu hapa. Wape wengine nafasi." Na ukamwita mwingine, ukacheka naye, ukamuuliza hali ya hewa kwao.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilimwambia, Baba, hasemi nawe, Baba, hakusikii, hayuko humo, nakuapia kwa jina la Mama. Nilikuwa napiga kelele kama mwendawazimu na hakunisikiliza. Alisimama kidogo akiangalia pale dirishani, kisha akageuka, na njia nzima hakupumzika hata mara moja.

Tulipofika akaniambia nikamwite Ratemo na Pasta Ogari. Walikuja, wakaketi kitandani pake. Aliwaambia mambo mawili. La kwanza, siku akizikwa, udongo wa kwanza, ambao ni wa mwana wa kwanza, autupe Ondieki. Ishmael yuko nyumbani, amemsikia, amekataa, asilazimishwe. La pili nitakuambia, litakuja mahali pake.

Baba hayupo, Ishmael. Alifariki wiki hiyo hiyo, asubuhi, mimi nikiwa nimemshika. Tumeshamzika.

Sasa usianze kunipigia kelele kwamba hukuambiwa. Nilikupigia nikiwa bado niko naye. Ukakata. Nikapiga tena, ukakata, ukaniandikia: kama ni ruta izime uiwashe, kama ni mengine ni baada ya mashindano. Niliusoma ujumbe huo, mkono mmoja una simu na mwingine una mkono wa Baba ambao ulikuwa haujapoa. Nikasema haya. Kama ni baada ya mashindano, basi iwe baada ya mashindano.

Utajiuliza mbona ukoo mzima hakuna hata mmoja aliyekutafuta. Nani ampigie simu mtu aliye nyumba ya pili? Baba alikuwa amewaambia wote uko ndani, na waliokuja matanga wakakusikia kwa masikio yao. Walingoja utoke. Wengine walisema una wazimu, wengine wakasema umerogwa huko ulikokwenda, na wengi walisema tu kwamba una kiburi.

Tulimzika Jumapili. Mashindano yako, kumbe, yalikuwa yameanza Jumamosi alfajiri. Ulipiga domo Sabato nzima, mwili umelala uwanjani, watu wanaimba nyimbo na wewe unataja namba za mashindano. Jumapili ulikuwa huko huko. Pasta Ogari anasoma mistari, wewe unasema asante, mwingine. Pasta anangoja umalize, anaanza tena, wewe unaanza tena. Wajomba waliotoka Ogembo walikuwa wanageuka kutazama dirisha lako mpaka shingo zikawauma.

Shangazi yetu wa Kenyenya hakuvumilia. Unamjua, yule aliyekubeba mgongoni ulipokuwa na surua. Kabla jeneza halijafungwa aliinuka, akaenda mlangoni mwako, akapiga mbao kwa kiganja, akakuita jina lako la utotoni. Akakuomba uje umtazame baba yako mara ya mwisho, akasema hakuna atakayekucheka. Ukamjibu namba. Akapiga tena, ukamjibu namba nyingine. Shangazi akatema mate kwenye kizingiti, akarudi kuketi, na jeneza likafungwa.

Ndiyo, ningeweza kuzima. Swichi ni moja tu, ulinionyesha mwenyewe. Ondieki alikwenda kuchukua shoka avunje mlango, nikamkamata koti. Nikamwambia mwache, kaka yako naye amehudhuria mazishi. Usinitafutie sababu nzuri, sina. Nilitaka wakusikie. Nilikuwa nimekasirika, na mpaka ninapoandika hivi bado nimekasirika, naona hata mwandiko umeharibika.

Kwa hiyo leo Ekerenyo nzima inajua kwamba Ishmael wa Nyakundi alikuwa ndani ya nyumba yake akiongea na Wazungu wakati baba yake anazikwa nje. Ninaweza kuwaita wote, niwafungulie, niwaonyeshe meza na nyaya. Sitawaita. Hata ukija na pasipoti yenye mihuri ya viwanja vyote vya ndege, watakuuliza huyo waliyemsikia alikuwa nani, nawe utawaambia ni wewe.

Sasa lile jambo la pili. Mama tulimlaza pale kati ya nyumba ya Baba na yako, na kando yake tuliacha nafasi ya Baba. Alikuwa akiipalilia mwenyewe, wewe ulimwona, ukamtania. Baba aliikataa. Aliwaambia wazee wamchimbie kule chini kabisa, mwisho wa shamba la chai, karibu na mto. Pasta alimbembeleza. Ratemo akamwambia si desturi kumtenga mtu na mkewe, ukoo utaulizwa. Baba akasema pale kando ya Mama mtu anasikika mchana kutwa akiongea na wengine, na yeye hataki kulala hapo akingoja aitwe.

Tulimteremsha kwa kupokezana, njia ya shambani ina utelezi, mabega yanawaka. Ulitufuata mpaka kwenye mistari ya katikati ya chai. Tulipofika mtoni sauti yako ilikuwa imekwisha, tukasikia maji tu. Ondieki akatupa udongo wa kwanza kama alivyoagizwa, na mimi nikatupa baada yake. Nafasi ambayo ungesimama kando ya kaburi hatukumpa mtu mwingine, tuliiacha tu.

Sina mengine. Lorna anamsalimu Purity na anauliza vipimo vyake kama bado anataka lile gauni. Shangazi wa Kenyenya hakutuma salamu. Ondieki naye hakutuma. Mzee Ratemo kila akipita barabarani anauliza kama umeshatoka, namwambia bado. Mungu akulinde huko uliko, akupe watoto wengi, nao wakikua awape masikio ya kukusikia.

Mashindano nasikia mengine yako Februari. Shiriki, ndugu yangu, ongea mpaka uchoke, nyaya nitazichomoa ikinguruma na ruta nitaiwasha ikizima. Spika iko pale pale na dirisha liko wazi. Huna unayemsumbua tena hapa nyumbani, isipokuwa Mama, aliyebaki pale peke yake.

Ni mimi dada yako, ambaye angependa kuacha kukupenda na ameshindwa,

Nyanchera.